Namna ya Kuipima Nadharia ya Kisayansi Pale Jaribio Lisipowezekana

Nadharia nyingi za sayansi hutangulia, na ushahidi wake hufuata baadaye sana. Chembe ya nyutrino ilipendekezwa na Wolfgang Pauli mwaka 1930, lakini haikunaswa hadi mwaka 1956. Chembe ya Higgs ilibaki kwenye hesabu za karatasi tangu mwaka 1964 hadi Julai 2012, na mawimbi ya mvutano ambayo Albert Einstein aliyaandika mwaka 1916 yalipimwa kwa mara ya kwanza Septemba 2015. Katika miaka hiyo yote ya kungoja, watu walilazimika kuamua nani apewe fedha za utafiti, mwanafunzi aelekezwe wapi, mwalimu afundishe nini na gazeti liandike nini. Waliamua bila jaribio. Wapo waliopatia, na wapo waliokosea vibaya. Mwongozo huu ni wa msomaji anayekutana leo na nadharia ya namna hiyo na anayetaka kuipa uzito inaostahili, badala ya kuipokea kwa sababu aliyeisema ni profesa au kuitupa kwa sababu inasikika kuwa ya ajabu.

Jambo ambalo ningependa lishikwe tangu mwanzo ni kwamba vigezo vinavyotumika kupimia nadharia zisizojaribiwa, kama vile uzuri wa hesabu, uwezo wa kueleza mambo mengi kwa mara moja, au kukosekana kwa nadharia mbadala, navyo ni madai yanayohitaji kuthibitishwa. Uthibitisho wake upo, kwa kuwa historia ya sayansi imejaa nadharia zilizongoja muda mrefu ambazo mwisho wake sasa tunaujua. Kwa hiyo kabla ya kukitegemea kigezo chochote, kipeleke kwanza kwenye mambo ya zamani yaliyokwisha kuamuliwa, ukaone kingekuelekeza wapi wakati ule ambapo hakuna aliyejua jibu.

Uliza kwanza jaribio limekosekana kwa namna gani

Kauli kwamba nadharia fulani haiwezi kujaribiwa hubeba hali zisizofanana hata kidogo, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu mijadala mingi. Nyutrino ilikuwa inangoja chombo tu. Ilijulikana inapaswa kutokea wapi na kwa nini ni vigumu kuinasa, hivyo kinu cha nyuklia chenye kutoa nyutrino kwa wingi mno kilipopatikana, kazi ikafanyika. Nadharia ya aina hii inavumilika, kwa sababu inaeleza yenyewe njia ya kuikamata.

Hali nyingine ni ya matukio yaliyopita, ambayo hayarudiwi maabara. Hakuna awezaye kuiangusha tena asteroidi iliyoipiga Dunia miaka milioni 66 iliyopita, lakini tabaka jembamba la udongo lenye iridiamu (metali adimu kwenye uso wa Dunia lakini nyingi zaidi katika asteroidi) nyingi kupita kawaida, ambalo Luis Alvarez na mwanawe Walter pamoja na wenzao walilitangaza mwaka 1980, na shimo la Chicxulub nchini Meksiko lenye upana wa takriban kilomita 180, ni mashahidi wanaoweza kuhojiwa. Hapa jaribio halipo ila ushahidi upo tele. Anayekataa jiolojia au elimu ya mageuzi kwa hoja kwamba hakuna aliyekuwepo kuona, anadai sharti ambalo hata hakimu halidai, maana mahakamani mtu hutiwa hatiani kwa ushahidi wa mazingira pale vipande vyake vinapofungamana bila kuacha mwanya.

Hali ya tatu ni ya umbali usiofikika. Mashine kubwa ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, yenye mzingo wa kilomita 27, hugonganisha protoni kwa nishati ya elektronivolti trilioni 13.6, ilhali nishati ambayo mvutano na fizikia ya kwantamu vinatarajiwa kukutana waziwazi ni takriban mara trilioni elfu moja ya hiyo. Hakuna serikali wala muungano wa serikali utakaojenga mashine ya kufika huko. Na ipo hali ya nne, ambapo nadharia yenyewe inasema kwamba kitu inachokizungumzia hakiwezi kuonekana hata kwa chombo kamili, kama vile malimwengu mengine yasiyoweza kutuletea mwanga wala athari ya aina yoyote. Kwa maoni yangu, dai la namna hii lisipewe uzito wake lenyewe. Lipewe kiasi cha uzito wa nadharia kubwa iliyolizaa, iwapo hiyo kubwa imekwisha kuthibitishwa kwa mambo mengine. Na kama nayo haijathibitishwa, basi dai hilo halina pa kusimama.

Ukishajua uko katika hali ipi, utajua pia cha kudai. Mwaka 1871 Charles Darwin aliandika kwamba inaelekea mababu wa kale wa binadamu waliishi Afrika kuliko kwingineko. Hakuwa na kisukuku hata kimoja kutoka Afrika. Alichokuwa nacho ni kanuni aliyoiona ikijirudia, kwamba wanyama wa eneo fulani kwa kawaida wana undugu wa karibu na spishi zilizotoweka za eneo lilelile, na ukweli kwamba sokwe na gorila, ambao ndio jamaa zetu wa karibu, wanaishi Afrika. Papo hapo akaweka mpaka wa hoja yake, akikumbusha kwamba Ulaya nayo iliwahi kuwa na nyani mkubwa wa kale karibu ukubwa wa binadamu, na kwamba muda uliopita unatosha kwa wanyama kuhama mbali. Wengi waliomfuata walielekeza macho Asia. Kisha likapatikana fuvu la Taung, Afrika Kusini, mwaka 1924, likafuata fuvu alilolikuta Mary Leakey kule Olduvai, Tanzania, Julai 1959, na nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.66 zilizogunduliwa miaka ya sabini. Hukumu ya Darwin ilikuwa nzuri hata kabla ya mafuvu hayo, kwa sababu aliitaja hoja, akataja udhaifu wake, na akasema "inaelekea" bila kuapa.

Tafuta kile ambacho nadharia inakikataza

Hatua inayofuata ndiyo yenye mavuno makubwa kuliko zote. Chukua nadharia na uulize: ikiwa ni ya kweli, ni jambo gani haliwezi kutokea? Kadiri makatazo yanavyokuwa mengi na mahususi, ndivyo nadharia inavyojiweka mahali pa kukamatwa, na ndivyo inavyostahili kusikilizwa hata kabla ya kukamatwa huko.

Mfano ninaoupenda unatoka jirani, Madagaska. Mapema mwaka 1862 Darwin alipelekewa maua ya okidi iitwayo Angraecum sesquipedale. Ni ua jeupe lenye umbo la nyota, na nyuma yake unaning'inia mrija mwembamba wenye urefu wa karibu sentimita 29, huku nekta ikiwa imejaa kwenye sentimita nne hivi za mwisho tu. Ni mdudu gani angefika huko? Darwin alikuwa Uingereza. Hakuweza kukesha kwenye misitu ya Madagaska kumvizia. Lakini ua lilikuwa mkononi mwake, na kwa ua hilo alifanya jaribio dogo lililowezekana. Aliingiza unywele mgumu, kisha sindano, na chavua haikutoka. Alipochukua kijiti cha mviringo chenye unene wa takriban milimita mbili na nusu, akakisukuma ndani mpaka mwisho kisha akakivuta, vifuko vya chavua vilinata kwenye kijiti na kutoka nacho. Akahitimisha kwamba Madagaska lazima kuwe na nondo wakubwa wenye mrija wa kunyonyea unaoweza kunyooka kufikia kati ya sentimita 25 na 28, mnene kwenye shina, ambao kwa kujibana ili wafikie tone la mwisho la nekta huondoka na chavua.

Tazama ni mambo mangapi yamekatazwa hapo. Ikionekana kwamba mdudu mwenye mrija mfupi anaichavusha okidi hiyo vizuri, au kwamba inatoa mbegu bila kutembelewa na yeyote, maelezo yote yanaanguka. Wapo walioyadhihaki. Kwa upande wa pili kulikuwa na maelezo yaliyodai kwamba maumbile ya ajabu kama hayo yaliumbwa hivyo kwa ajili ya uzuri wake, maelezo ambayo, hata kama mtu anayapenda, hayakutaja kipimo chochote cha mrija wala mdudu wa kumtafuta. Mwaka 1867 Alfred Russel Wallace, mwanabiolojia wa Uingereza, alikwenda kupima vielelezo vya nondo, akakuta mmoja wa Afrika ya kitropiki mwenye mrija wa sentimita 19, akasema kwamba nondo wa Madagaska atafutwe kwa imani ileile ambayo wanafalaki waliitafuta sayari ya Neptuni. Mwaka 1903 alitangazwa, naye alikuwa wa ukoo wa nondo yuleyule wa Afrika bara.

Kwa hiyo unapoambiwa kwamba jaribio haliwezekani, usitosheke. Jaribio kubwa huenda haliwezekani, lakini karibu kila nadharia ina ncha fulani inayofikika, kama kijiti kile cha Darwin. Uliza ni ipi, na uulize kama wenye nadharia wamewahi kuigusa. Wakati mwingine hawajaigusa kabisa, na hilo ni jibu tosha.

Rekodi nzuri ina mipaka yake

Kwa kuwa Wallace aliitaja Neptuni, ni haki kuieleza habari yake yote, maana watu husimulia nusu tu. Sayari ya Uranusi ilikuwa haifuati njia iliyohesabiwa kwa sheria za Newton. Mwanafalaki Urbain Le Verrier wa Ufaransa alikataa kuzilaumu sheria. Alidhani kuna sayari isiyojulikana inayoivuta, akahesabu mahali ilipo, akaandika barua kwa mwanafalaki Johann Galle huko Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, siku ileile barua ilipofika, Galle aliikuta sayari hiyo pungufu ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa.

Miaka kumi na mitatu baadaye Le Verrier aligundua kwamba sayari ya Zebaki nayo haitii hesabu. Sehemu ya mzingo wake iliyo karibu zaidi na Jua husogea zaidi kidogo kuliko inavyopaswa, kwa kiasi ambacho yeye alikihesabu kuwa sekunde 38 za digrii kwa karne, na baadaye kikasahihishwa kuwa 43. Digrii moja ina sekunde 3,600, hivyo tofauti yenyewe ni ndogo kupindukia, lakini ilikuwapo na haikuondoka. Le Verrier alifikiri kama alivyofikiri mwanzo: kuna sayari nyingine, karibu zaidi na Jua. Ilipewa hata jina, Vulcan. Daktari mmoja wa kijijini alisema ameiona ikipita mbele ya Jua, na Le Verrier akamwamini. Wengine waliitafuta wakati wa kupatwa kwa Jua, na ilipokosekana ikasemwa kwamba imezidiwa na mng'ao, kisha kwamba si sayari moja bali kundi la vimondo vidogo, kisha kwamba ni vumbi. Novemba 1915 Einstein alionyesha kwamba zile sekunde 43 zinatoka moja kwa moja kwenye nadharia yake mpya ya mvutano, bila sayari wala vumbi. Safari hii sheria ndizo zilizokuwa na kasoro.

Mtu alikuwa yuleyule, hesabu za aina ileile, na hoja ileile, lakini matokeo yakatofautiana. Je, msomaji wa mwaka 1865 angewezaje kuona tofauti? Naamini angeweza kuona mbili. Kwanza, mbinu ya Newton ilikuwa imejaribiwa sana mbali na Jua, ambako mvutano ni dhaifu, ilhali Zebaki ndiyo sayari iliyo ndani kabisa, mahali ambapo sheria zilikuwa hazijabanwa kwa usahihi huo. Rekodi nzuri inaaminika katika eneo ilimopatikana, na nje ya eneo hilo thamani yake hushuka. Pili, na hili ni muhimu zaidi, ni mwenendo wa nadharia inapokosa kuthibitika. Neptuni haikuhitaji udhuru hata mmoja. Vulcan ilihitaji udhuru mpya kila ilipotafutwa, na kila udhuru ulifanya iwe vigumu zaidi kuipata bila kuleta habari yoyote mpya. Weka hesabu ya nyudhuru hizo. Ni kipimo kisichohitaji maabara, na mtu yeyote mwenye subira ya kusoma historia ya nadharia anaweza kukitumia.

Tenga swali la "limetokea?" na swali la "limetokeaje?"

Mwaka 1912 Alfred Wegener, mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Ujerumani, alitoa nadharia kwamba mabara yalikuwa pamoja kisha yakasogea. Jaribio halikuwezekana, kwa sababu hakuna chombo cha wakati ule kilichoweza kupima mwendo wa sentimita chache kwa mwaka. Alikuwa na ufanano wa pwani za Afrika na Amerika Kusini, visukuku vya mtambaazi Mesosaurus aliyepatikana kusini mwa Afrika na nchini Brazil lakini si kwingineko, na alama za barafu ya kale katika nchi ambazo leo ni za joto. Alichokosa ni nguvu ya kuyasukuma mabara. Nguvu alizozipendekeza zilikuwa dhaifu mno, na Harold Jeffreys wa Cambridge alionyesha hivyo kwa hesabu ambazo hazikuwa na kosa. Wanajiolojia wengi wakaona mambo yamekwisha.

Hawakuwa wajinga, na si haki kuwasimulia kana kwamba walikuwa hivyo. Ila walifanya makosa mawili ambayo msomaji wa leo anaweza kuyaepuka. La kwanza, walichukua ubovu wa maelezo ya jinsi mabara yalivyosogea kuwa ubovu wa dai kwamba yalisogea, ilhali ushahidi wa hilo la pili haukutegemea la kwanza. La pili, hawakuiweka nadharia mbadala kwenye mizani ileile. Ili kueleza visukuku vilivyofanana, wengi walidhani palikuwa na madaraja ya nchi kavu yaliyozama baharini. Lakini miamba ya mabara ni myepesi kuliko miamba iliyo chini ya bahari, na bara zima haliwezi kuzama humo na kupotea. Yaani nadharia ya Wegener ilikosa utaratibu wa kutokea, wakati ile mbadala iligongana na fizikia iliyojulikana. Kati ya hizo mbili, ya kwanza ina pengo na ya pili ina kinyume, na pengo huzibika.

Mwanajiolojia Alexander du Toit wa Afrika Kusini, aliyekwenda Amerika Kusini mwaka 1923 kulinganisha miamba kwa macho yake, aliliona hilo mapema. Ushahidi ulioigeuza hali ulianza kukubalika baada ya mwaka 1963, ulipoelezwa mpangilio wa usumaku katika miamba ya sakafu ya bahari, na leo setilaiti hupima jinsi pande mbili za Bonde la Ufa la Afrika Mashariki zinavyoachana kwa milimita chache kila mwaka. Wegener alikuwa ameshafariki Greenland mwaka 1930.

Fukua dhana iliyofichwa, na usitekwe na uzuri

Hapa mtu mmoja anatosha kwa masomo mawili. William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, alihesabu mwaka 1862 kwamba Dunia ina umri wa kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, kwa kuangalia jinsi inavyopoteza joto. Mwaka 1897 akapunguza hadi kati ya milioni 20 na 40. Wanajiolojia na wanabiolojia waliohitaji muda mrefu zaidi walinyamazishwa na usahihi wa hesabu zake. Leo tunajua umri huo ni miaka bilioni 4.54. Vitabu vingi husema alikosa kujua joto la mionzi, na ni kweli hakulijua. Lakini kosa zito zaidi lilikwisha kuonyeshwa mwaka 1895 na John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake. Perry hakuleta kipimo kipya. Alichukua dhana moja, kwamba ndani ya Dunia joto husafiri kama katika jiwe gumu lisilosogea, akauliza ingekuwaje kama ndani kunasogea. Umri ukapanda hadi mabilioni. Hesabu haiwezi kuwa imara kuliko dhana inayoibeba. Kwa hiyo orodhesha dhana za nadharia, ibadilishe moja baada ya nyingine kichwani, uone ni ipi ikiguswa jengo lote linatikisika, kisha uulize hiyo imethibitishwa na nani.

Kelvin huyohuyo mwaka 1867 alipendekeza kwamba atomu ni vizingo vya mzunguko ndani ya etha, maji-maji kamilifu yaliyodhaniwa kujaza anga lote. Alikuwa ameonyeshwa vizingo vya moshi na rafiki yake Peter Guthrie Tait, na ilijulikana kihisabati kwamba vizingo vya aina hiyo katika maji-maji kamilifu haviharibiki milele. Ilipendeza mno: ilieleza kwa nini atomu hazichakai na kwa nini aina zake zinatofautiana (kila aina ingekuwa kizingo kilichofungwa fundo lake), kwa kutumia kitu kimoja tu. Tait akaanza kuorodhesha aina za mafundo, na kazi hiyo ikawa mwanzo wa tawi la hisabati linaloishi mpaka leo. Atomu, hata hivyo, si mafundo ya etha, na etha yenyewe haipo. Ukikipeleka kigezo cha uzuri kwenye kesi hii, kinaanguka. Ukikipeleka kwenye nadharia ya Einstein, kinasimama. Kigezo kinachotoa majibu ya namna hiyo kinafaa kukuonyesha kazi yenye kuvutia, lakini hakifai kukuambia kilicho kweli.

Nadharia ya nyuzi kwenye mizani hiyo

Nadharia ya nyuzi inasema kwamba chembe za msingi ni mitetemo ya nyuzi ndogo zisizofikika kwa chombo chochote tulicho nacho. Mwaka 2013 mwanafalsafa Richard Dawid alitetea kwamba inaweza kuaminiwa kwa sababu zisizo za majaribio. Mwishoni mwa mwaka 2014 wanasayansi George Ellis na Joe Silk walionya kwamba kulegeza hivyo kunaihatarisha fizikia, na Desemba 2015 pande hizo zilikutana Munich kujadiliana. Tunaweza kuitumia mizani yetu bila kungoja wakubaliane.

Kinachoiunga mkono zaidi ni kueleza ambacho haikuundwa kukieleza. Ilianza mwaka 1968 kwa kanuni ya Gabriele Veneziano iliyohusu nguvu inayoshikilia kiini cha atomu, na humo ikajitokeza chembe isiyo na uzito ambayo ilikuwa kero tupu, mpaka mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz walipoonyesha kwamba ina sifa za chembe ya mvutano. Mwaka 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa waliitumia kuhesabu entropia (kipimo cha wingi wa mipangilio ya ndani inayowezekana) ya aina fulani ya mashimo meusi, wakapata jibu lilelile ambalo Jacob Bekenstein na Stephen Hawking walikuwa wamelifikia kwa njia tofauti kabisa. Hayo ni mambo mazito, na anayesema nadharia hii ni porojo hajayatazama. Nikumbushe tu kwamba kanuni ya Bekenstein na Hawking nayo haijapimwa kwenye shimo jeusi halisi, hivyo tunalinganisha hesabu na hesabu.

Hoja ya kwamba hakuna mbadala ni dhaifu zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanga usio na etha haukufikirika, na Zebaki ilikaa nusu karne bila maelezo mengine yaliyokubalika. Kukosekana kwa mbadala kuna uzito pale tu wengi wenye mitazamo tofauti wametafuta kwa bidii, na pale ambapo fedha na nafasi za kazi zimekwenda upande mmoja kwa miongo mingi, utafutaji huo haujafanyika ipasavyo.

Kwenye kigezo cha makatazo hali ni mbaya. Nadharia hii inaruhusu namna nyingi mno za kukunja vipimo vya ziada vya anga, yaani vinavyozidi urefu, upana na kimo, idadi ambayo mara nyingi hutajwa kuwa 1 ikifuatiwa na sufuri 500, na kila namna inaweza kuleta ulimwengu wenye sheria zake. Wengi walitarajia pia chembe pacha za zile tunazozijua zionekane CERN. Hazijaonekana, na jibu lililotolewa ni kwamba huenda ni nzito zaidi. Udhuru huo si wa aibu, lakini uandikwe kwenye daftari la nyudhuru.

Kwa hiyo hukumu yangu ina sehemu mbili, na nashauri kila hukumu ya aina hii igawanywe hivyo: nadharia ya nyuzi inastahili kufanyiwa kazi, na haistahili bado kuaminiwa. Mambo hayo mawili hayafungamani. Mtu anaweza kutumia maisha yake yote akiichunguza bila kudai kwamba ni kweli, na serikali inaweza kuifadhili bila kuiingiza katika vitabu vya shule kama jambo lililothibitishwa. Andika hukumu yako pamoja na tarehe, uandike pia ni jambo gani likitokea utaipandisha na lipi likitokea utaishusha, kisha uache nafasi chini yake.

Nafasi hiyo hujazwa mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1998 wanafizikia Nima Arkani-Hamed, Savas Dimopoulos na Gia Dvali walipendekeza kwamba baadhi ya vipimo vya ziada vinaweza kuwa vikubwa kufikia karibu milimita moja, na kwamba kwa umbali mfupi kuliko huo mvutano ungeacha kufuata sheria ya Newton. Katika Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, watafiti walining'iniza bamba dogo la metali lenye matundu kwenye uzi mwembamba, wakalizungusha bamba jingine chini yake, na kupima uzi unavyojisokota. Hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, sheria ya Newton imeshika. Vipimo vya ziada vya ukubwa ule vimefutwa kwa chombo kinachotosha juu ya meza, bila mashine ya kilomita 27, na yeyote aliyekuwa ameandika mwaka 1998 kwamba hilo lingemfanya ashushe daraja alijua la kufanya.